Kisu shingoni, hesabu mezani

*Upasuaji wa mshipa wa shingo hufanywa ili kuzuia kiharusi, na hatari yake kubwa ni kiharusi hichohicho. Kwa nusu karne madaktari wamekuwa wakitafuta njia ya kujua mapema nani atavuka salama. Wamefika wapi?*

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa yuko macho. Shingo imechomwa ganzi, shuka la kijani limetandazwa hadi kidevuni, na kiganjani mwake kuna bata wa mpira, yule wa kuchezea watoto wakati wa kuoga, anayelia ukimbinya.

Daktari wa usingizi ameketi karibu na kichwa cha mgonjwa. "Mbinye bata," anamwambia. Bata analia. Mpasuaji anabana mshipa mkubwa ulio ubavuni mwa shingo, na damu iliyokuwa ikipanda ubongoni kwa njia ile inasimama. "Mbinye tena." Bata analia. Kazi inaendelea.

Bata akinyamaza, hakuna anayecheka. Mkono umeishiwa nguvu, kwa sababu upande wa ubongo unaouendesha umekosa damu. Ndiyo maana bata hushikishwa mkono wa upande wa pili: shingo ikipasuliwa kulia, mkono wa kushoto ndio unaoulizwa. Hapo mpasuaji huchukua mrija mwembamba wa plastiki, huuchomeka chini na juu ya sehemu iliyobanwa ili damu ipite humo, kisha husubiri kusikia tena ule mlio.

Mbinu hii hutumika Uingereza na kwingineko, katika hospitali zinazowapasua wagonjwa hawa bila kuwalaza usingizi. Ni rahisi na haina gharama. Lakini bata hueleza jambo linalotokea sasa hivi, shingo ikiwa tayari imefunguliwa. Swali la mgonjwa na nduguze lilikuwa la jana yake, pale fomu ya kukubali upasuaji ilipowekwa mezani: je, huyu mzee wetu atatoka salama?

Dawa inayofanana na ugonjwa

Mishipa ya karotidi ni miwili, mmoja kila upande wa koo. Weka vidole viwili chini ya taya, pembeni ya koromeo, utausikia mmoja ukidunda. Hapo juu kidogo mshipa hugawanyika: tawi moja huenda usoni, la pili ubongoni. Kwenye njia panda hiyo mafuta na chokaa hujijenga taratibu kwa miaka mingi, hasa kwa wavutaji sigara na kwa wenye shinikizo la juu la damu, kisukari au lehemu nyingi.

Siku kipande kikimeguka, au bonge la damu likiganda hapo na kuchukuliwa na mkondo, hakina pengine pa kwenda isipokuwa kichwani. Hicho ni kiharusi. Wengine hupewa onyo kwanza: mkono hufa ganzi dakika kumi kisha ukarudi, maneno hupotea mdomoni, au jicho moja huingia giza kwa muda mfupi. Wengine hawaonywi.

Katika upasuaji wenyewe, mshipa hubanwa, hufunguliwa kwa urefu, na ule utando mgumu wa mafuta na chokaa hukwanguliwa ukatolewa. Kisha mshipa hushonwa, mara nyingi kwa kutiwa kiraka ili usisinyae tena. Ni kazi ya saa moja hadi mbili au zaidi kidogo, na wengi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Lakini kila hatua ya kazi hiyo inaweza kuleta kilekile kinachokimbiwa. Kibano kinaweza kuunyima ubongo damu. Mkono wa mpasuaji unaweza kumegua mafuta kabla hayajatolewa. Damu inaweza kuganda juu ya ukuta wa mshipa uliokwanguliwa saa chache zilizopita. Na ubongo uliozoea kupata damu kidogo kwa miaka, ukifunguliwa mkondo wote kwa ghafla, unaweza kuvuja damu siku kadhaa baadaye, hasa shinikizo likiachwa lipande. Pamoja na hayo yote kuna moyo, kwa kuwa mtu mwenye mafuta shingoni kwa kawaida anayo na kwenye mishipa ya moyo.

Kwa hiyo mgonjwa huwekewa mezani hatari mbili. Moja ni ya leo, kubwa na ya mara moja. Nyingine ni ndogo kwa siku, lakini itaendelea kwa miaka. Anayekubali kupasuliwa amelipa ya leo ili apunguziwe ya kesho, na biashara hiyo ina maana tu ikiwa malipo ya leo ni madogo.

*Mgonjwa analipa hatari ya leo ili apunguziwe ya kesho. Biashara hiyo ina maana tu ikiwa malipo ya leo ni madogo.*

Mifuko ya barafu, London 1954

Mwanzoni hakukuwa na hesabu yoyote, kulikuwa na ujasiri. Tarehe 19 Mei 1954, katika hospitali ya St Mary's jijini London, mpasuaji Felix Eastcott na wenzake walimpokea mama wa nyumbani mwenye umri wa miaka 66 aliyekuwa amepata mashambulizi madogo 33 ya kupooza na kupoteza usemi, kila moja likija na kuondoka. Walimlaza, wakamzungushia mifuko ya barafu hadi joto la mwili wake likashuka kufikia nyuzi 28, wakitumaini kwamba ubongo uliopoa ungestahimili kukaa bila damu. Walibana mshipa kwa dakika 28, wakakata sehemu iliyoziba, wakaunganisha ncha. Mashambulizi yakakoma.

Habari yake ilichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Novemba mwaka huohuo, na madaktari wakajua kwamba jambo linawezekana. Huko Houston, Marekani, Michael DeBakey alikuwa ameshampasua mwanaume wa miaka 53 mwaka mmoja kabla, lakini taarifa kamili ya mgonjwa huyo aliitoa mwaka 1975, akieleza kwamba aliishi miaka 19 zaidi na kufa kwa ugonjwa wa moyo.

Kilichofuata Marekani kilikuwa mafuriko. Mwaka 1971 walipasuliwa watu wapatao 15,000. Mwaka 1985 walifika 107,000. Na hadi wakati huo hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kisu kinamshinda mgonjwa aliyepewa vidonge vya aspirini na kuambiwa aache sigara.

Springfield yajitazama kwenye kioo

Mshtuko wa kwanza ulitoka katika mji usiotajwa sana, Springfield, jimbo la Illinois. Mwaka 1977 madaktari wawili wa mishipa ya fahamu, Easton na Sherman, walichapisha hesabu ya upasuaji 228 uliofanywa mfululizo katika hospitali mbili za mji huo. Hawakuchagua wagonjwa wa kupendeza; walichukua wote. Waliokufa au kupata kiharusi walikuwa asilimia 21.1.

Mmoja kati ya watano. Kwa kazi ya kuzuia kiharusi, hiyo ni hesabu ya kutisha.

Ila kisa cha Springfield kina sehemu ya pili ambayo husimuliwa mara chache. Baada ya aibu ile, hospitali zilibadili namna ya kuchagua wagonjwa na namna ya kufanya kazi. Hesabu iliporudiwa mwaka 1983, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 5. Hakukuwa na dawa mpya ya ajabu katikati ya miaka hiyo sita. Kuhesabiwa tu kulitosha kuwafanya watu waangalie wanachofanya.

Mwaka 1988 taasisi ya RAND ilipitia mafaili ya wazee 1,302 waliopasuliwa chini ya bima ya afya ya serikali ya Marekani. Ni asilimia 35 tu waliopasuliwa kwa sababu zinazostahili. Karibu theluthi hawakustahili kabisa, na waliobaki walikuwa wa mashaka. Karibu mmoja kati ya kumi alipata kiharusi kikubwa au kufa.

Mizani inapatikana

Jibu la kama upasuaji unafaa lilikuja mwaka 1991 kutoka jaribio kubwa lililoongozwa na Henry Barnett wa London nyingine, ile ya Ontario, Canada. Wagonjwa 659 waliokwisha kupata onyo, na ambao mshipa wao ulikuwa umeziba kwa asilimia 70 hadi 99, waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika miaka miwili, asilimia 26 ya waliopewa dawa peke yake walipata kiharusi cha upande ule ule, dhidi ya asilimia 9 ya waliopasuliwa. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa wagonjwa hao jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Jaribio la Ulaya, chini ya Charles Warlow wa Edinburgh, lilitoa jibu la aina hiyohiyo mwaka huo.

Lakini soma maandishi madogo. Wapasuaji wa Barnett walichujwa kabla ya kuruhusiwa kushiriki, na bado kiharusi na vifo vya siku 30 za mwanzo vilikuwa asilimia 5.8. Kutokana na majaribio ya aina hii, miongozo ya Marekani na Ulaya iliweka mistari miwili: kwa mgonjwa aliyekwisha kupata dalili, hatari ya upasuaji isizidi asilimia 6, kwa asiye na dalili yoyote, isizidi 3. Ukivuka hapo, faida imeliwa yote.

Mstari ni rahisi kuuchora. Kujua mgonjwa huyu, katika hospitali hii, yuko upande gani wa mstari, ndiko kulikozaa kazi.

Mwamba ngoma

Kabla ya kumpima mgonjwa, ni vema kumpima anayehesabu. Mwaka 1996 Peter Rothwell, daktari wa mishipa ya fahamu anayefahamika kwa kazi yake Oxford, pamoja na Warlow na mwenzao, walikusanya tafiti 51 zilizotaja hatari ya upasuaji huu, kisha wakaangalia kitu ambacho wengi hawakukifikiria: ni nani aliyeandika.

Pale ambapo mgonjwa alichunguzwa baada ya upasuaji na daktari wa mishipa ya fahamu, kiharusi na vifo vilikuwa asilimia 7.7. Pale ambapo mwandishi wa utafiti alikuwa mpasuaji peke yake, vilikuwa asilimia 2.3.

Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Si lazima awepo mwongo. Mpasuaji anayepita wodini asubuhi anatazama kidonda, anamwomba mgonjwa anyanyue mkono, anaridhika na kuondoka. Daktari wa mishipa ya fahamu anamwomba ataje miezi ya mwaka kinyumenyume, anampima upeo wa macho, anamwangalia akifunga kifungo cha shati. Wa pili ataona viharusi vidogo ambavyo wa kwanza hakuvitafuta. Kanuni yoyote ya kutabiri hatari iliyojengwa juu ya hesabu za wa kwanza itatabiri usalama usiokuwepo.

*Alipochunguza mtu wa nje, hatari ilikuwa asilimia 7.7. Alipojihesabia mpasuaji mwenyewe, ilikuwa 2.3.*

Kuna pia suala la mahali. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliangalia wazee 113,300 waliopasuliwa chini ya bima ileile ya serikali. Katika hospitali zilizoshiriki majaribio makubwa, asilimia 1.4 walikufa ndani ya siku 30. Katika hospitali ambazo hazikushiriki na ambazo zilifanya upasuaji huu kwa nadra, walikufa asilimia 2.5. Ndani ya majaribio yenyewe vifo vilikuwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo mgonjwa anayesomewa takwimu za jaribio maarufu anasomewa matokeo ya mikono mingine, ya wapasuaji waliochaguliwa, kwa wagonjwa waliochaguliwa.

Kumpima mtu mmoja mmoja

Mtu wa kwanza kupanga wagonjwa kwa ngazi za hatari kwa namna iliyoshika alikuwa Thoralf Sundt, mpasuaji wa ubongo wa kliniki ya Mayo, Marekani, mwaka 1975. Ngazi zake zilikuwa nne. Ya kwanza ni mgonjwa aliyetulia, asiye na ugonjwa mwingine, na ambaye picha za mishipa yake hazina la kutisha. Ya pili ana tatizo kwenye picha, mathalani mshipa wa upande wa pili umeziba kabisa. Ya tatu ana moyo mbovu, shinikizo lisilodhibitiwa, au maradhi mengine ya mwili. Ya nne ni yule ambaye dalili za ubongo bado zinabadilikabadilika. Kutoka ngazi ya kwanza hadi ya nne, hatari ilipanda kutoka karibu asilimia 1 hadi karibu 10.

Uzuri wa ngazi za Sundt ni kwamba daktari anaweza kuzikumbuka akiwa amesimama kitandani pa mgonjwa. Udhaifu wake ni kwamba zilitoka katika kituo kimoja chenye mikono mizuri kuliko wengi.

Rothwell na Warlow walikwenda mbali zaidi mwaka 1999. Wakitumia wagonjwa wa jaribio la Ulaya, walitenganisha maswali mawili ambayo siku zote yalikuwa yakichanganywa: nani ataumizwa na upasuaji, na nani ataumizwa na kuachwa bila upasuaji. Kwa swali la kwanza, mambo matatu yalijitokeza: kuwa mwanamke, kuwa na shinikizo la juu zaidi ya 180 kwa namba ya juu, na kuwa na mishipa iliyoziba miguuni. Kwa swali la pili, yalijitokeza mengine, kama vile uso wa mafuta kuwa na makovu na vidonda badala ya kuwa laini, na dalili za ubongo za karibuni. Walipoweka yote kwenye mizani moja, ni takriban mmoja kati ya sita wa wagonjwa wenye mshipa ulioziba sana aliyeonekana kunufaika waziwazi.

Wafikirie wagonjwa wawili, wa kufikirika lakini wa kila siku. Mama wa miaka 60, shinikizo 190, miguu humuuma akitembea hatua mia, na jicho lake liliingia giza mara moja miezi minne iliyopita. Na mzee wa miaka 78, mwembamba, shinikizo limetulia, mkono wake ulikufa ganzi Jumatatu na leo ni Ijumaa. Ndugu wengi wangesema: mpasueni mama, bado ana nguvu, mzee mwacheni apumzike.

Takwimu zinasema kinyume. Mwaka 2004 Rothwell na wenzake waliunganisha majaribio makubwa, jumla wagonjwa 5,893. Ili kuzuia kiharusi kimoja katika miaka mitano, ilibidi kupasua wanaume 9 au wanawake 36. Kwa wenye miaka 75 na zaidi ilitosha kupasua 5; kwa walio chini ya 65 ilibidi 18. Mzee anaweza kuwa na hatari kubwa mezani, lakini hatari inayomngoja nyumbani ni kubwa zaidi. Kwa mama yule, kazi ya kwanza ni kushusha shinikizo, na huenda asihitaji kisu kabisa.

Hapa ndipo neno "hatari" linapowapoteza watu. Hatari ya upasuaji ikisimama peke yake haisemi kitu. Ni nusu ya mizani.

Saa ukutani

Katika hesabu zile za 2004 kulikuwa na namba moja iliyobadili ratiba za hospitali nzima. Wagonjwa walioingizwa kwenye majaribio ndani ya wiki mbili tangu onyo la mwisho: pasua watano, umezuia kiharusi kimoja. Waliochelewa zaidi ya wiki kumi na mbili: pasua 125.

Basi kimbia? Wasweden walijaribu kujibu mwaka 2012 kwa daftari lao la taifa. Waliopasuliwa ndani ya siku mbili za kwanza walipata kiharusi au kufa kwa asilimia 11.5. Waliosubiri siku ya tatu hadi ya saba, asilimia 3.6. Waingereza walipohesabu wagonjwa wao zaidi ya 23,000 mwaka 2016, siku mbili za kwanza zilikuwa na asilimia 3.7 tu, ingawa nazo zilizidi zile zilizofuata.

Nchi mbili tajiri, rejista mbili nzuri, majibu yasiyolingana. Inawezekana wanaokimbizwa mezani siku ya kwanza ndio wagonjwa zaidi. Inawezekana hospitali moja imezoea dharura na nyingine haijazoea. Kanuni ya hatari inayouliza umri na kisukari lakini haiulizi "onyo lilikuja lini?" imeacha nje swali zito kuliko yote.

Bata naye alipimwa

Je, kumwacha mgonjwa macho na bata wake kunapunguza hatari? Jaribio lililoitwa GALA, lililochapishwa mwaka 2008, liliwagawa wagonjwa 3,526 katika vituo 95 vya nchi 24: nusu ganzi ya shingo, nusu usingizi kamili. Kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo vilikuwa asilimia 4.5 kwa walio macho na 4.8 kwa waliolala. Watakwimu hawaoni tofauti hapo.

Inavunja moyo kidogo, maana bata ni kiumbe wa kupendeza. Lakini inaeleweka. Viharusi vingi vya upasuaji huu haviletwi na kibano kuzuia damu. Huletwa na vipande na mabonge yanayosafiri, na vingine hutokea mgonjwa akiwa ameshatoka chumbani. Tena maumbile yametuwekea akiba: chini ya ubongo kuna mduara wa mishipa, alioueleza daktari Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664, unaounganisha kushoto na kulia. Mduara ukiwa kamili, kubana upande mmoja hakumshtui mtu. Kwa wengi haukukamilika.

Kanuni zinazokosea

Tangu Sundt, kanuni za kutabiri zimezaliana. Zipo za karatasi, zipo za kompyuta, ipo ile ya chuo cha wapasuaji cha Marekani ambayo daktari hujaza umri, uzito, figo na mengineyo, na kikokotoo kinatoa asilimia. Mwaka 2018 watafiti wa Ulaya walizikusanya na kuzijaribu kwa maelfu ya wagonjwa ambao hawakuhusika kuzitengeneza. Kwa upasuaji wa kisu, nyingi zilifanya vizuri kidogo tu kuliko kurusha shilingi.

Sababu si uzembe. Jambo linalotokea mara mbili au tatu kwa watu mia ni gumu kulitabiri kwa mtu mmoja, hasa ukiwa na sifa ambazo karibu kila mgonjwa anazo. Wavutaji sigara wa zamani wenye shinikizo na miaka 70 ndio wanaojaza foleni nzima. Kanuni inayowatenganisha inahitaji kujua wasichofanana: hali ya mafuta yenyewe, mduara wa Willis, siku tangu onyo, na mkono wa mpasuaji. Hilo la mwisho mara nyingi halipo kwenye fomu.

Wapo wanaosema basi kanuni zitupwe na daktari mzoefu aamue. Makala hii haikubaliani nao. Springfield ilikuwa imejaa madaktari wazoefu.

Asiye na dalili

Ugomvi mkali zaidi leo ni juu ya mtu aliyepimwa kwa ultrasaundi, akaambiwa mshipa umeziba kwa asilimia 70, naye hajawahi kuumwa hata kidole. Majaribio ya 1995 na 2004 yalionyesha upasuaji ukipunguza kiharusi cha miaka mitano kwa karibu nusu, kutoka asilimia 11 au 12 hadi 5 au 6. Wapasuaji wamesimama juu ya namba hizo kwa miaka.

Upande wa pili unasema namba hizo ni za kale, kabla dawa za statini, za kushusha lehemu, hazijawa chakula cha kila siku cha wagonjwa hawa. Mwaka 2025 ulileta majibu mawili. Jaribio la Ulaya na Canada, lenye wagonjwa 429, lilitumia kanuni iliyotokana na ile ya Rothwell kuchagua wenye hatari ndogo na ya kati, wakiwemo waliokwisha kupata dalili. Katika miaka miwili ya kwanza, kuongeza upasuaji au stenti (kijibomba cha wavu kinachotanua mshipa kwa ndani) juu ya dawa nzuri hakukuleta faida iliyoonekana. Kisha Novemba, jaribio kubwa la CREST-2 kwa wasio na dalili liliripoti kwamba, katika miaka minne, waliopasuliwa juu ya dawa walipata kiharusi, au kufa mwanzoni, kwa asilimia 3.7 dhidi ya 5.3 za dawa pekee, tofauti ambayo huenda ni bahati tu. Waliowekewa stenti walikuwa na 2.8 dhidi ya 6.0, na hiyo si bahati. 

*Asiye na dalili, anayemeza statini na aliyeshusha shinikizo, amepunguza hatari ya nyumbani. Hapo hatari ya mezani inakosa cha kushindana nacho.*

Kanuni zao, shingo zetu

Wagonjwa waliojenga kanuni hizi zote walitoka Ulaya na Amerika Kaskazini, na wengi mno walikuwa wazungu. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wazungu husinyaa zaidi mishipa ya shingo, wakati watu weusi huathirika zaidi kwenye mishipa midogo ndani ya kichwa, ambako kisu cha karotidi hakifiki. Kumchukua mzee wa Temeke na kumjazia kikokotoo cha Marekani ni kumpima kwa pishi la mtu mwingine.

Si kwamba kiharusi ni kigeni huku. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya karibu 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na karibu 316 katika eneo lililochunguzwa Dar es Salaam, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Hiyo ya Dar ni miongoni mwa namba za juu zilizowahi kuandikwa duniani. Linaloongoza kwa lawama ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi hawajui wanalo hadi siku waangukapo.

Hivyo mgonjwa wa Afrika Mashariki atakayepelekwa kupasuliwa mshipa wa shingo, hapa au ng'ambo, ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutia saini. Hospitali hii imefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka jana? Wangapi walipata kiharusi au kufa, na ni nani aliyehesabu? Na nikiacha kupasuliwa, nikameza dawa zangu zote, nini kinaningoja? Daktari anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Akijibu kwa takwimu za jaribio la nchi nyingine, muulize tena ya kwake.

Na kwa ambaye bado hajafika hospitali: mkono ukifa ganzi dakika kumi kisha ukarudi, au usemi ukapotea na kurudi, au jicho moja likaingia giza, usingoje Jumatatu. Nenda siku hiyohiyo, na mwambie daktari saa ambayo hali hiyo ilianza.